Joto la lundo na kilichobaki ndani yake: barua ya wazi kwa wanaosimamia mbolea itokanayo na vyoo

Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Afya, Maji na Kilimo,
Waheshimiwa viongozi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania na wa Shirika la Viwango Tanzania,

YAH: VINASABA VYA USUGU WA ANTIBAYOTIKI KATIKA MBOJI YA KINYESI CHA BINADAMU

Kwa miaka saba sasa kazi yangu ni kugeuza kinyesi cha binadamu kuwa mboji. Ninapokea ndoo kutoka vyoo vya kutenganisha mkojo vya shule mbili na vya nyumba kadhaa za wapangaji mkoani Pwani, ninachanganya yaliyomo na pumba za mpunga na majani mabichi, ninarundika, ninapima joto, ninageuza, kisha ninasubiri. Si kazi ya mtu kujisifia ukweni, lakini inalisha familia yangu na imefufua migomba ya watu wengi. Nawaandikia kwa sababu mbolea ya aina hii inazidi kutengenezwa katika miji ya Afrika Mashariki, ilhali vipimo tunavyotumia kuikubali au kuikataa vinaangalia vimelea vilivyo hai peke yake, na kukiacha kile ambacho vimelea hivyo huacha nyuma vinapokufa. Ombi langu ni kwamba vinasaba vya usugu vianze kupimwa, na kanuni za kupika lundo ziandikwe kwa kuvizingatia, kabla biashara hii haijakua kiasi cha kutorekebishika. Naomba vilevile, kwa uzito uleule, kwamba mboji hii isipigwe marufuku kwa hofu.

Kwa kuwa barua hii itasomwa pia na wakulima na mafundi wa vyoo, nitaeleza jambo lenyewe kwa lugha ya kawaida. Bakteria walio tumboni mwa binadamu ni makumi ya mabilioni katika gramu moja tu ya kinyesi, na kila antibayotiki tunayomeza huwaua wanyonge na kuwaacha wale wenye kinasaba cha kuikwepa. Mara nyingi kinasaba hicho hukaa kwenye plasmidi, yaani kipande kidogo cha DNA kilichofungwa kama pete, ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake hata kama si wa ukoo mmoja. Mwalimu yeyote aliyesimamia mtihani ataelewa upesi: ni karatasi ya majibu inayopitishwa chini ya dawati, na aliyeipokea hahitaji kuwa ndugu wa aliyeiandika. Ukimtoa mwanafunzi nje ya chumba, karatasi inaweza kubaki sakafuni. Vivyo hivyo, bakteria akiuawa na joto, mwili wake hupasuka na DNA yake hubaki nje. Sehemu kubwa huliwa na vimeng'enya vilivyomo lundoni, lakini sehemu nyingine hujishikiza kwenye chembe za mfinyanzi na za mboji na kudumu, na bakteria mwingine aliye hai anaweza kuiokota.

Kwa hiyo mtu anaposema kwamba lundo lake halina tena E. koli, yaani bakteria wa tumboni tunaowapima kama dalili ya kinyesi kibichi, amejibu swali moja na kuacha la pili. Swali la pili ni hili: wale E. koli walipokufa, vinasaba vyao vilikwenda wapi?

Tafiti za kipindi cha takriban miaka kumi na tano iliyopita, nyingi zikiwa zimefanyika China, Ulaya na Marekani kwa kutumia samadi ya nguruwe, kuku na ng'ombe au tope la mitambo ya majitaka, na chache tu kwa kutumia kinyesi cha chooni kama changu, zinakubaliana kwa sehemu. Lundo likipanda joto hadi nyuzi 55 na zaidi na kukaa hapo, vinasaba vingi vya kukwepa tetrasaiklini na erithromaisini hupungua sana, mara nyingi kwa zaidi ya asilimia 90, kwa kuwa wenyeji wake ni bakteria wa tumboni wasiostahimili joto hilo. Kinasaba kiitwacho sul1, ambacho huwapa bakteria uwezo wa kukwepa dawa za jamii ya salfa, ni mkaidi zaidi. Mara hupungua kidogo, mara hubaki palepale, na mara nyingine huongezeka lundo linapopoa. Mwenzake intI1 hufuata mwendo uleule, na sababu inaeleweka: sul1 ni sehemu ya kawaida ya muundo uitwao integroni ya daraja la kwanza, na intI1 ndicho chombo cha muundo huo cha kunasa vinasaba vya usugu na kuvipanga mfululizo, kama mabehewa nyuma ya kichwa cha treni.

Ongezeko hilo la mwishoni limenifanya niitazame upya mboji yangu. Lundo likishapoa huja kundi jingine la bakteria, likiwamo lile linaloipa mboji harufu tamu ya udongo wa mvua ya kwanza, harufu ambayo sisi watengenezaji tumeizoea kama dalili kwamba kazi imekwisha. Bakteria wengi wa kundi hilo hawana madhara kwa mkulima. Hata hivyo tafiti kadhaa zinawataja miongoni mwa wanaoshukiwa kuhifadhi sul1 baada ya E. koli kutoweka. Pua, kwa hiyo, haiwezi kuwa kipimo, nami nakiri kwamba kwa miaka mingi pua ndiyo niliyoitegemea.

Naomba Mheshimiwa Waziri wa Afya alitazame kwa makini suala la salfa, kwa sababu linatuhusu kuliko linavyowahusu waliofanya nyingi ya tafiti hizo. Katika nchi zetu mamilioni ya watu wametumia septrini, dawa yenye salfa ndani yake, kila siku, kwa miaka, kama kinga kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na septrini hiyohiyo imekuwa dawa ya kwanza ya kuhara, kikohozi na homa isiyojulikana katika nyumba nyingi. Kinga hiyo imeokoa maisha ya watu wengi, wakiwamo ninaowafahamu, na sitaki neno lolote la barua hii lisomwe kama lawama kwa wanaoitumia. Ninachosema ni hesabu tu: kinasaba ambacho joto la lundo linashindwa kukiondoa sawasawa ndicho kinachohusiana na dawa ambayo jamii yetu imeimeza kwa wingi na kwa muda mrefu. Matokeo ya lundo la samadi ya nguruwe huko China hayawezi kuhamishiwa kwenye ndoo zangu bila kupimwa, na yakihamishwa hivyohivyo huenda yakatupa matumaini kuliko hali halisi.

Asilimia nazo zinapaswa kusomwa kwa tahadhari. Tuchukue mfano wa gramu moja ya kinyesi yenye nakala bilioni moja za kinasaba fulani. Zikipungua kwa asilimia 99, ambayo katika taarifa yoyote itaandikwa kama ushindi, zinabaki nakala milioni kumi katika gramu moja, na mkulima anapeleka shambani magunia. Sisemi kwamba milioni kumi hizo zitamuumiza mtu, kwa kuwa kinasaba kilicho udongoni kinapaswa kuvuka vizuizi vingi kabla hakijafika ndani ya kimelea chenye uwezo wa kumfanya mtu augue, na wengi wa bakteria wanaokibeba wakati huo hawana haja na mwili wa binadamu. Nasema kwamba kiwango kinachotangazwa kwa asilimia peke yake hakimwambii msimamizi kiasi kilichobaki, na kilichobaki ndicho kinachokwenda shambani.

Niwapeleke sasa kwenye lundo lenyewe. Lundo langu la kawaida lina urefu wa mita mbili na nusu, upana wa mita moja na nusu, na kimo kinachonifika kifuani. Asubuhi ya siku ya nne huwa linatoa mvuke unaoonekana tangu getini. Kipimajoto changu kina mkuki wa chuma wa sentimita tisini. Nikiuchoma hadi katikati husoma 62 au 64, na wageni wanaokuja kujifunza hupiga picha namba hiyo na kuondoka wameridhika. Nikiuchoma mkuki huohuo sentimita kumi kutoka ukingoni mwa lundo lisilofunikwa husoma 38. Hiyo 38 haiui kitu. Ni karibu sawa na joto la mwili wa binadamu, na kwa bakteria wa tumboni ni kama kukaa nyumbani. Sehemu ya nje ya lundo, ambayo kwa ujazo si ndogo hata kidogo, haiivi mpaka igeuzwe na kuingizwa ndani, na anayegeuza mara moja badala ya mara tano atakuwa na kitovu kilichopikwa na ngozi mbichi, kisha ataviweka vyote viwili kwenye gunia moja.

Wenzetu waliotangulia kuandika kanuni walilijua hilo. Kanuni za Marekani za mwaka 1993 kuhusu tope la majitaka zinataka nyuzi 55 kwa siku tatu iwapo mboji inapikwa ndani ya chombo kilichofungwa au katika lundo linalopulizwa hewa, lakini kwa matuta ya kugeuzwa yaliyo wazi zinataka nyuzi hizohizo zidumu siku 15, na ndani ya siku hizo tuta ligeuzwe mara tano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka joto linalozidi nyuzi 50 kwa angalau juma moja, na katika zao la mwisho E. koli wasiofikia 1,000 kwa gramu na yai la minyoo lisilofikia moja kwa gramu ya uzito mkavu. Ni miongozo mizuri na mimi ninaifuata. Lakini iliandikwa kwa ajili ya kuzuia kuhara na minyoo, wakati usugu wa dawa ulikuwa bado ukitazamwa kama jambo la hospitali. Katika viwango hivyo vya mwisho hakuna hata kimoja kinachohesabu kinasaba.

Kuna kosa langu mwenyewe ambalo nadhani linafundisha kuliko maneno yangu yote. Miaka mitatu iliyopita, wakati wa masika, nilipeleka sampuli ya lundo lililoiva kwenye maabara, nikapata cheti safi, nikafungasha magunia arobaini. Majuma matatu baadaye mteja mmoja, ambaye ni bibi shamba mstaafu na hapendi kuamini karatasi, alipima gunia lake kwa gharama zake na kukuta E. koli kwa maelfu. Nilibisha. Kisha nikaketi na vijana wangu wawili tukafuatilia hatua kwa hatua, tukagundua kwamba koleo la kupakia mboji iliyoiva ndilo lililokuwa likitumika asubuhi kupokelea ndoo mbichi, na kwamba sakafu ya kupokelea ilikuwa juu ya sakafu ya kufungashia, hivyo kila mvua iliponyesha maji yalitiririka kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Tulikuwa tumepika kwa uangalifu kwa miezi mitatu na kupanda mbegu upya kwa koleo moja. Magunia tuliyarudisha yote lundoni. Leo makoleo ya upande mbichi yamepakwa rangi nyekundu, na atakayeonekana na koleo jekundu upande wa mboji anarudi nyumbani siku hiyo bila posho.

Nilipokuwa nikihangaika na jambo hilo niliiuliza maabara kama wanaweza pia kunipimia vinasaba vya usugu katika mboji. Walinijibu kwa adabu kwamba kipimo hicho hakimo katika orodha ya huduma zao. Siwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwataka wawe nacho. Lakini tangu janga la Uviko-19 nchi yetu ina mashine za PCR, zinazotambua na kuhesabu vipande vya DNA, na vijana wanaozimudu katika maeneo mengi kuliko zamani, na kuhesabu sul1 katika sampuli ya mboji ni kazi ya mashine ya jamii hiyohiyo. Kinachokosekana ni vitendanishi, utaratibu uliokubaliwa wa kutoa DNA katika kitu chenye uchafu mwingi kama mboji, na mtu mwenye mamlaka wa kusema kwamba kipimo hicho kinahitajika.

Najua kwamba baadhi yenu, mkifika hapa, mtavutiwa na njia ya mkato: kupiga marufuku mbolea ya kinyesi cha binadamu mpaka sayansi itakapokamilika. Nawasihi msifanye hivyo, kwa sababu kinyesi hakitapungua kwa tangazo la gazeti la serikali. Kaya nyingi za Dar es Salaam hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Shimo likijaa, mwenye uwezo huita gari la kunyonya, nalo likienda linakotakiwa humwaga kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti. Asiye na uwezo huwaita vijana wanaoingia shimoni kwa miguu na ndoo, ambao mjini tumewapa jina la vyura. Na asiye na uwezo hata huo husubiri mvua kubwa ya usiku, hutoboa shimo pembeni, na kutapisha choo mtaroni. Yanayotapishwa hayajapata hata siku moja ya nyuzi 55. Yanashuka mitoni, na mtu akisimama asubuhi kwenye bonde la Msimbazi ataona mchicha na matembele yakimwagiliwa kwa maji hayohayo. Bakteria walio ndani yake wako hai, plasmidi zao ni nzima, na pamoja nao yamo mabaki ya dawa zenyewe, ambayo huwapa wenye usugu nafasi ya kuendelea kutamba. Ukilinganisha na hilo, hata lundo langu la miaka ya pua na makosa lilikuwa hatua mbele.

Jirani zetu wameshajaribu njia mbalimbali, na hatuna sababu ya kuanzia sifuri. Jijini Nairobi, katika makazi ya Mukuru, vyoo vya buluu vya Fresh Life hukusanywa kwa vyombo vilivyofungwa, na taka zake zimekuwa zikigeuzwa mbolea na chakula cha mifugo kwa kutumia funza wa nzi askari mweusi. Mjini Naivasha, kampuni ya Sanivation imechagua kupasha tope joto na kulibana kuwa kuni za viwandani, na hapo suala la vinasaba linakwisha lenyewe kwa kuwa tanuru halibakizi DNA. Ila mkulima naye anabaki bila mboji, na udongo wetu mchovu unaihitaji. Nchini Haiti, shirika la SOIL, lililoanzishwa mwaka 2006, hukusanya ndoo za vyoo vya kaya, huzifunika kwa mabaki ya miwa, hupika na kuuza mboji iitwayo Konpòs Lakay, na liliendelea na kazi hiyo hata baada ya kipindupindu kuingia nchini humo mwaka 2010. Kinyesi cha maskini wa mjini kinaweza kukusanywa na kupikwa kwa mpangilio. Hatua inayofuata, ya kupima kilichobaki baada ya kupika, tunaweza kuichukua sisi.

Kwa Wizara ya Afya, ninaomba mboji na topekinyesi viingizwe waziwazi katika utekelezaji wa Mpango Kazi wa Taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ule wa pili, unaokwenda 2023 hadi 2028. Mpango huo umejengwa juu ya dhana ya Afya Moja, yaani afya ya mtu, ya mnyama na ya mazingira kutazamwa pamoja. Lakini kwa yale tunayoyasikia sisi wa chini, UVIDA, yaani usugu huo wa vimelea dhidi ya dawa, bado ni mabango ya kumaliza dozi na kutonunua antibayotiki bila cheti cha daktari. Mabango hayo ni sahihi. Usugu unakadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019 pekee, na kuhusika katika milioni 4.95, na mnamo Septemba 2024 mataifa yalikubaliana katika Umoja wa Mataifa kupunguza vifo hivyo kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Lakini dozi iliyomalizwa vizuri nayo huishia chooni, na hapo ndipo mabango yanaponyamaza.

Kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea na Shirika la Viwango, ombi langu ni la kiufundi zaidi. Kiwango cha mboji itokanayo na vyoo kisitegemee cheti cha sampuli moja iliyochaguliwa na mtengenezaji mwenyewe, kwa kuwa mimi nilikuwa na cheti na bado niliuza uchafu. Kitake daftari la joto la kila lundo, likiwa na vipimo vya katikati na vya ukingoni, tarehe za kugeuza, na kipindi cha kukomaza baada ya joto kushuka. Kitake mpangilio wa eneo unaozuia maji na vifaa vya upande mbichi kufika upande ulioiva. Kisha, kwa sampuli chache kila mwaka zinazochukuliwa na mkaguzi bila taarifa, vihesabiwe vinasaba vichache vya kielelezo kwa kila gramu ya mboji kavu: sul1 na intI1 kwa sababu ya ukaidi wao, kimoja cha tetrasaiklini ili kuonesha kama joto limefanya kazi, na blaCTX-M, kinachowawezesha bakteria kuishinda seftriaksoni, sindano inayotegemewa katika wodi zetu. Bila namba za namna hiyo tutabishana kwa maneno matupu, mimi nikisema mboji yangu ni salama na mwingine akisema ni sumu, na wote wawili tukiwa hatuna ushahidi.

Sipendekezi kikomo. Udongo wa asili nao una vinasaba vya usugu, na umekuwa navyo tangu kabla binadamu hajatengeneza dawa; mwaka 2011 wanasayansi walichapisha ushahidi wa kuvipata katika ardhi iliyoganda ya Yukon, Kanada, yenye umri wa miaka 30,000. Kwa hiyo lengo la sifuri halipo, na atakayelitaka atakuwa anataka tufunge. Pimeni kwanza mashamba ambayo hayajawahi kutiwa samadi, pimeni yaliyotiwa mboji yangu na ya wenzangu, pimeni yanayomwagiliwa kwa maji ya mitaro, kisha wekeni kikomo kinacholingana na mliyoyaona.

Na mkipima, msiwasahau kuku. Mbolea ya kuku huuzwa kwa kiroba kando ya barabara bila kupikwa, na kila mfugaji wa broila anajua ni mara ngapi maji ya kunywa ya vifaranga hutiwa unga wa oksitetrasaiklini hata pale ambapo hakuna kifaranga anayeumwa. Ninapinga kanuni itakayonibana mimi kwa sababu ya chanzo cha malighafi yangu na kumwacha jirani yangu mwenye banda aende sokoni na kitu kibichi. Kipimo kiwe kimoja kwa kila kitu kinachotoka kwenye utumbo na kwenda shambani.

Wakati tunasubiri namba, Wizara ya Kilimo inaweza kufanya jambo moja lisilo na gharama kubwa, nalo ni kuwaelekeza maafisa ugani wawashauri wakulima watumie mboji hii kwenye migomba, miembe, mahindi na miti ya mbao, na waiweke mbali na karoti, letusi, nyanya za kachumbari na chochote kinacholiwa bila kupitia jikoni. Mimi tayari ninaandika hivyo kwenye gunia, kwa wino usiofutika. Wapo wanaosoma na wapo wasiosoma, na neno la bwana shamba lina uzito kuliko maandishi yangu.

Kwa Wizara ya Maji, naomba mitambo ya kuchakata topekinyesi inayojengwa mikoani isiishie kwenye vitanda vya kukaushia. Tope lililokaushwa kwa jua kwa majuma machache huonekana kama udongo na hubebwa na watu kupelekwa bustanini, lakini halijapanda joto la kuvunja chochote. Nafasi ya kulipika kwa pamoja na pumba, majani na mabaki ya sokoni ipangwe tangu kwenye mchoro, pamoja na tabaka la mboji iliyoiva la kufunika lundo, ambalo hutunza joto hadi ukingoni. Tabaka hilo, unene wa kiganja na nusu tu, lilipandisha ukingo wa malundo yangu kutoka ile 38 hadi 51. Nilikuwa nimefanya kazi miaka minne kabla sijalijaribu, na aliyenishauri alikuwa kijana wangu mmoja aliyechoka kugeuza.

Lundo langu la kumi na nne la mwaka huu limemaliza siku zake za joto juma lililopita na sasa linakomaa. Nimetenga sampuli za kila hatua kwenye jokofu: ya siku ya kwanza, ya joto kali, ya kupoa na ya juma hili, kila moja ikiwa imeandikwa tarehe na joto lake, kutoka katikati na kutoka ukingoni. Ziko tayari kwa maabara yoyote ya serikali au ya chuo kikuu itakayozitaka, bila malipo, na majibu yakiwa mabaya nitayabandika getini kama ninavyobandika mazuri. Jokofu ni dogo na umeme wa kwetu hukatika, kwa hiyo naomba jibu lenu lisichelewe sana.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mtengeneza mboji,
Mkoa wa Pwani